Sindano Aliyonyimwa Muhsina

Nikikasirika sijui kunong'ona, na watu wa kwetu wananijua kwa hilo. Siku Shangazi Mwanatumu aliposema mbele ya kikao kwamba mdogo wangu ana tumbo la kuua, watu waligeuka kunitazama mimi kabla hata hawajamtazama mwenye tumbo.

Kikao kilikuwa barazani kwa Shangazi, Msambweni, baada ya sala ya alasiri. Mwenye tumbo ni Muhsina, mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja. Ameolewa na Swafwan, na Swafwan ni mtoto wa pekee wa Shangazi Mwanatumu. Kwa hiyo ndiyo, mume wake ni binamu yake. Kwetu si ajabu. Marehemu babetu na dadake, yaani huyu Shangazi, walikubaliana tangu watoto wakicheza mchangani kwamba damu ya ukoo isitoke nje. Mimi, Twaiba, niliye mkubwa, niliponea kwa sababu nilikuwa na ulimi, na Shangazi hakutaka mkwe mwenye ulimi. Nikaenda zangu Ukunda, nikafungua kibanda cha kushona madera pale Kona ya Musa, na Muhsina aliye mpole ndiye aliyechukuliwa.

Alianza vizuri. Alimzaa Hafsa, mtoto mzima, mnene, mwenye kelele. Baada ya Hafsa akazaa mtoto aliyekwisha kufia tumboni, amevimba mwili mzima. Baada ya huyo akazaa wa kiume, akalia vizuri tu, kisha akaanza kugeuka manjano, ngozi na macho, kama aliyepakwa bizari. Hakufikia hata siku ya kupewa jina. Sasa Muhsina alikuwa na mimba nyingine, kubwa, ya kuonekana, na kikao kiliitwa kuamua aende wapi. Shangazi alitaka apelekwe kwa mganga mmoja upande wa Lungalunga, akae huko ndani siku saba kwenye moshi wa mafusho, apungwe jini mahaba. Daktari wa Mombasa alitaka amwone kila wiki, bila kukosa hata moja.

"Jini hili ni la kiume na lina wivu," Shangazi alieleza, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu. "Lilimwachia mmoja, likaona inatosha. Na halikutoka kwetu. Limetoka upande wa mama yao. Watu wa Funzi, visiwani huko, wanajua wenyewe walivyofungamana na vitu vya baharini. Kwetu sisi damu ni safi."

Mama yetu alikuwa amelala kaburini, hawezi kujitetea. Nilivuta pumzi. Ami Athmani, ndugu wa mwisho wa babetu na ndiye aliyeongoza kikao, akaninyooshea kiganja kuniomba subira. Nikampa subira kidogo, ile niliyokuwa nayo.

"Na wala si mimi nisemaye," Shangazi akaendelea. "Daktari wao mwenyewe amesema. Swafwan, waambie alivyosema daktari."

Swafwan hupeleka watalii kwa boti kule Diani, na huko nasikia ni msemaji mkubwa, anachekesha Wazungu mpaka wanalia. Mbele ya mama yake huwa kama kiti. Aliikodolea macho simu yake, na simu yenyewe ilikuwa imezimika.

"Alisema kinga ya mwili wa Muhsina ndiyo inayompiga mtoto," akasema.

"Mmesikia. Mwili wake mwenyewe unampiga mtoto. Hata daktari amekiri, ila jina la kitu hicho halijui."

Muhsina alikuwa ameketi kwenye mkeka nyuma ya mlango, mkono juu ya tumbo. Niliuona ule mkono ukiondoka pale taratibu, ukawekwa sakafuni. Alikuwa ameanza kuamini kwamba hata kujishika ni kumdhuru mtoto. Nikasimama.

Nilikuwapo siku ile daktari aliposema. Anaitwa Kanze, mwanamke mdogo wa umri, mrefu, na hakusema hivyo walivyosema. Alieleza kwamba damu ya Muhsina ni ya aina ya negativu, ambayo huku kwetu wenye nayo ni wachache. Ya Swafwan ni ya aina nyingine, na watoto wamechukua ya baba. Mtoto wa kwanza anapozaliwa, damu yake kidogo huingia kwenye damu ya mama. Kinga ya mwili, ile ile inayotuponya mafua na vidonda, huiona damu hiyo ni ngeni, ikajifunza kuipiga. Hafsa alipona kwa sababu kinga ilikuwa haijajifunza. Waliomfuata waliikuta imeshajua kazi.

"Mwili wako haujakosea kitu," Dakta Kanze alimwambia Muhsina, tena mara mbili. "Umefanya kazi uliyoumbiwa. Waliokosea ni sisi tuliokuwa na dawa ya kuuzuia usijifunze, tusikupe."

Kisha akauliza kama alidungwa sindano baada ya kumzaa Hafsa, na hapo ndipo nilipojua yaliyotokea mwaka ule. Muhsina alijifungulia kwenye zahanati. Muuguzi akamwambia kuna sindano anapaswa kudungwa, lakini haipo, imekwisha, arudi kesho au kesho kutwa, ila zisipite siku tatu. Sindano ya nini, hakumwambia. Ikipita itakuwaje, hakumwambia. Mwanamke ana mshono, ameketi upande upande, anaambiwa apande bodaboda arudi kuuliza kama dawa imefika. Muhsina akafika nyumbani akamweleza mkwewe, na mkwewe akafunga mlango. Mzazi hatoki kabla ya arobaini. Ameshakandwa maji ya moto, ameshafungwa tumbo, anakunywa uji wa pilipili manga, na akitoka upepo utamwingia. Na sindano ya nini, wakati mtoto ameshatoka mzima?

Haya yote niliyasema kikaoni, na sikuyasema kwa adabu. Nilisema kama kuna aliyewaua wale watoto wawili, basi aanzwe aliyeiacha zahanati bila dawa, aje muuguzi aliyemtuma mtu kuitafuta bila kumwambia ni ya nini, kisha aje aliyesimama mlangoni. Nilimtazama Shangazi niliposema hilo la mwisho. Nilisema mtu aliyenyimwa sindano hawezi kugeuzwa kuwa ndiye aliyechoma. Nilisema pia kwamba mama yetu wa Funzi alizaa watoto sita akatulea sote, na jini lake lingekuwa na wivu lingeanza na mimi.

Kuna aliyecheka. Shangazi hakucheka.

"Umemaliza?"

"Bado. Daktari anataka jamaa wote wapimwe damu. Mtoto akizaliwa huenda ikabidi abadilishwe damu yake, na inatakiwa ya negativu, na haipatikani ovyo. Aliye nayo ndiye atakayempa maisha."

Hapo nilipata kuwajua ndugu zangu. Mmoja ana presha. Mwingine ana safari. Mwingine aliuliza kama damu ikitolewa hurudi. Wote hao walikuwa tayari kuchanga mbuzi wa mganga.

Basi nikamgeukia Shangazi, nikamwambia kwa heshima zote ambazo hazikuwa heshima, "Umesema damu ya upande wenu ni safi na mbaya ni ya mama yetu. Jambo rahisi. Njoo upimwe, tuone."

Nilidhani atanitukana. Alijitanda leso yake vizuri, akaifunga kwa nguvu begani.

"Nitakuja," akasema. "Nitakuja ili uone, na ukishaona, utaniomba radhi mbele ya watu hawa hawa, na Muhsina atakwenda Lungalunga."

Ami Athmani akasema kikao kimekubali. Na mimi, kwa hasira, nikasema nimekubali. Baadaye Muhsina alinivuta kando, akaniuliza kwa sauti ndogo nimemwekea rehani tumbo lake kwa idhini ya nani. Nilimwambia alale, nikaondoka nikiwa na hasira na kila mtu, nami nikiwamo.

Tulikwenda hospitali Mombasa asubuhi: mimi, Muhsina, Swafwan, Ami Athmani na Shangazi, aliyevaa buibui lake la Idi. Kwenye kivuko cha Likoni alikaa mbali nami, anavuta tasbihi. Inafaa niseme alivyo, kwa sababu mpaka hapa nimemchora kama shetani. Shangazi Mwanatumu hajafika hamsini na tano. Aliolewa binti mdogo, akampata Swafwan, kisha hakupata tena. Mume akaoa mke wa pili, akahamia kwa huyo wa pili. Ukoo mzima ulikuwa ukisema hivyo hivyo, "Mwanatumu alipata mmoja tu," kama vile mtu aliyekwenda sokoni akarudi na kimoja. Sisi watoto hatukuuliza. Tulichojua ni kwamba ndiye anayewajua waganga wote kuanzia Matuga mpaka mpakani, na tulidhani ni hobi yake.

Walitutoa damu mmoja mmoja. Majibu yalianza kurudi. Swafwan si negativu, na hilo tulilijua. Ami Athmani si negativu, akaonekana kuvunjika moyo, maana alikuwa amekunja mkono wa kanzu tayari. Mimi si negativu. Nilitoka nje nikasimama kwenye ukuta nikalia kidogo, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi Mungu damu yote aitakayo, na nikaambiwa haifai.

Jibu la Shangazi likachelewa. Kijana wa maabara akaja akamchukua damu mara ya pili, akaondoka. Shangazi akaniangalia. "Safi," akasema. "Wanarudia kwa sababu hawajapata kuona damu safi namna hii."

Dakta Kanze alituita ofisini sote. Aliomba ruhusa ya Shangazi kusema mbele yetu, na Shangazi akampa, kwa kuwa alitaka mashahidi.

"Mama, damu yako ni negativu," akasema daktari. "Katika jamaa wote waliokuja, ni wewe peke yako. Unafanana na Muhsina."

Nimekiri kwamba nina hasira, basi nikiri na hili: nilifurahi. Nilishageuka kumtazama, maneno yamejaa mdomoni. Damu safi. Upande wa mama yetu. Nilikuwa nimeyapanga.

"Hali hii hutoka pande zote mbili, kwa baba na kwa mama," daktari akaendelea. "Si mkosi wa mtu. Lakini kuna jingine tumeliona kwenye damu yako. Ndiyo maana tulirudia. Mama, ulizaa mara ngapi?"

"Mmoja. Huyu hapa."

"Sikuulizi walio hai. Nauliza ulizaa mara ngapi."

Tasbihi ilikuwa mkononi mwa Shangazi, lakini vidole havikusogea. Nje, mtu alikuwa akisukuma kitoroli chenye gurudumu linalolia, kikapita mpaka kikaisha. Ndipo akasema, bila kumtazama yeyote.

"Wanne baada ya huyu. Wa kwanza wao alivimba. Watatu walikuwa manjano."

Swafwan aliinua kichwa. Mtu mzima, baba wa mtoto, alikuwa anasikia leo kwamba alipata kuwa na wadogo wanne.

"Dada," akasema Ami Athmani, na sauti yake ilikuwa imeharibika. "Sisi tulijua wamekufa. Tuliwazika. Manjano hatukujua. Sisi wanaume tulipewa sanda zimeshafungwa."

"Nilizifunga mimi," akasema Shangazi. "Nilijua mtauliza."

Kisha akaeleza, kwa ufupi, kama mtu anayetoa vitu kabatini akiviweka chini. Mama mkwe wake alisema ni jini mahaba. Alipungwa kila mara mtoto alipokufa. Mara ya mwisho alikaa moshini mpaka akazirai, na alipoamka akaambiwa jini limekataa kutoka kwa sababu yeye mwenyewe analipenda. Mume akaliamini hilo, akaenda zake. Yeye naye akaliamini. Maana ukiambiwa na watu wote, nawe uko peke yako, utaamini.

"Basi nilipomwona huyu anaanza vile vile," akasema, akimwonyesha Muhsina kwa kidevu, "nilisema halijaniacha. Limeingia kwa mwanangu. Nilitaka litolewe mapema, kabla halijamzoea. Mnadhani nilimchukia?"

Muhsina ndiye aliyeinuka. Mimi nilibaki nimekaa. Alikwenda akakaa karibu naye, na tumbo lake kubwa hilo, akamshika mkono, na Shangazi akauacha mkono ushikwe. Yale maneno yangu niliyoyapanga niliyameza moja moja. Hasira yangu ilikuwa ipo bado, tena kubwa zaidi, ila yule niliyekuwa nimemwelekezea hakuwa tena mahali pake.

"Damu yangu basi itamfaa mtoto," Shangazi akasema, akajifuta uso kwa leso. "Chukueni. Chukueni yote."

Dakta Kanze akatikisa kichwa. "Haitamfaa, mama. Jina la kundi ni lile tunalolitaka, lakini ndani yake imo kinga ile ile iliyowapiga wanao. Miaka yote hii bado imo. Mimi siwezi kumpa mtoto damu hiyo."

Sijapata kuona mtu akipigwa namna hiyo bila kuguswa. Alikuja kuonyesha damu safi. Akaambiwa ni sawa na ya yule aliyemhukumu, kisha akaambiwa hata hivyo haifai. Tuliporudi Msambweni, nilingoja Ami Athmani aniulize ile radhi ya mbele ya watu iko wapi. Hakuuliza, na habari ya Lungalunga haikutajwa tena.

Muhsina alizalishwa mapema, kabla ya miezi kutimia, kwa sababu daktari aliona mtoto anaanza kulemewa. Damu ilitoka kwa mtu anayeitwa Kalama, mpishi wa hoteli moja Diani, Mgiriama wa Kaloleni, ambaye hatumjui wala yeye hatujui. Dakta Kanze ana watu wake wenye damu ya negativu anaowapigia simu. Swafwan mwenyewe alikwenda kumchukua kwa pikipiki. Kalama alifika ananuka vitunguu, akatoa damu, akanywa soda, akauliza choo kiko wapi, akarudi kazini. Hakutaka hata asante ndefu. Nilimwangalia akiondoka nikamfikiria marehemu babetu na mkataba wake wa damu isiyotoka nje, na nikatamani kwa sekunde moja angekuwapo aone ni nani aliyeuokoa ukoo wake.

Mtoto ni wa kike. Alizaliwa tayari ameanza kuwa manjano. Wakambadilisha damu, wakamweka chini ya taa ya buluu, amefungwa kitambaa machoni, amevaa nepi iliyomzidi. Sisi tulisimama nje ya kioo. Kila nilipoangalia nilitafuta ile rangi, na kila mara ilikuwa imepungua kidogo, mpaka Dakta Kanze akatoka akasema atapona.

Swafwan alikaa chini pale pale sakafuni akalia. Ami Athmani akaanza kusoma dua. Shangazi Mwanatumu hakulia wala hakusoma. Alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo.

"Daktari," akasema. "Sindano hiyo ambayo Muhsina hakudungwa."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilipomzaa Swafwan, ilikuwapo?"

Dakta Kanze angeweza kusema uongo. Mimi ningesema. Alivua miwani, akaifuta kwenye koti lake jeupe, akaivaa tena.

"Ilikuwapo, mama. Ilikuwapo kabla wewe hujazaliwa."

Shangazi akageuka kutoka kwenye kioo. "Wapi?"

Daktari akamsogelea.

"Mimi nilizalia Msambweni, hospitali niliipita kila siku nikienda kisimani. Nakuuliza, mwanangu, ilikuwapo wapi?"

Sauti yake ilikuwa imepanda. Huyu ni mwanamke ambaye akienda hospitali huvua viatu mlangoni, ambaye humwamkia shikamoo hata muuguzi aliye mdogo kuliko mwanawe. Sasa alisimama katikati ya ukumbi akiuliza wapi, tena wapi, na watu waliokuwa kwenye mabenchi waliacha kuzungumza. Wanawake wawili wenye matumbo makubwa walikuwa wamegeuza vichwa wakisikiliza.

Muuguzi mmoja akanijia haraka, mpole, mwenye haya, akaniomba nimwambie mama apunguze sauti.

Nikamwambia sitamwambia.